Slaidi Zilizochujuka na Namna ya Kuzirudishia Rangi

Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia mkebe wa biskuti wenye slaidi 214, alizozipiga Mombasa baina ya mwaka 1958 na 1967 kwa kamera aliyoinunua Aden siku za ubaharia wake, na kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye nidhaniwaye kuwa na maarifa ya kompyuta, nikakabidhiwa mkebe ule kama mtu akabidhiwavyo amana. Nilipoufungua na kuzielekeza slaidi moja moja dirishani, nilikuta ajabu ambayo kila mwenye urithi wa namna hii ataitambua: baadhi yake zilikuwa na rangi mbichi, bahari buluu na minazi kijani, kana kwamba zimesafishwa jana, hali nyingine, zilizolala nazo ubavu kwa ubavu katika mkebe ule ule, kwa joto lile lile na unyevu ule ule wa pwani, zilikuwa zimegeuka nyekundu tupu, mbingu na mchanga na watu, kama vitu vilivyozamishwa katika sharubati ya komamanga.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuudhani wekundu ule ni kitu kilichoingia katika picha, mithili ya kutu au doa la chai, ambacho dawa yake ni kukifunika kwa rangi iliyo kinyume chake. Nikaichukua slaidi ya kwanza, nikaisukuma yote upande wa buluu, nikapata kanzu za samawati, vivuli vyekundu vile vile, na nyuso za rangi ya jivu ambazo zingaliwatisha hata wenyewe. Hapo nikaizima kompyuta, nikaona ni lazima kwanza nijue slaidi yenyewe ni kitu gani.

Slaidi ya rangi, msomaji, ni ukanda mwembamba wa plastiki uliopakwa matabaka ya jelatini, na ndani ya matabaka hayo mna rangi tatu ambazo kila anunuaye wino wa mashine ya kuchapia anazijua: sayani, yaani samawati ielekeayo kijani, majenta, ambayo ni waridi kali, na manjano. Kila moja ina nuru yake inayoizuia isipite: sayani huzuia nuru nyekundu, majenta huzuia nuru ya kijani, na manjano huzuia nuru ya buluu, na kwa kupimana zuio na zuio ndipo hupatikana rangi zote tuzionazo, hata weusi, ambao si kitu ila zote tatu zimesimama pamoja mlangoni. Sasa, katika filamu nyingi za zamani, sayani ndiyo iliyokuwa dhaifu kupita wenzake, ikifa polepole gizani hata pasipo mtu kuigusa; nayo ikishakufa, nuru nyekundu haina tena wa kuizuia, hupita kama maji yapitavyo katika boma lililobomoka. Tena hasara hii haikugawanyika sawasawa. Mahali palipokuwa peupe katika picha hapakuwa na rangi yoyote tangu mwanzo, kwa hiyo hapakuwa na cha kupotea. Mahali palipokuwa peusi ndipo sayani ilipokuwa nyingi, na ndipo pengo lilipo kubwa. Ndiyo maana kuisukuma picha nzima upande mmoja hakufai kitu: ukiviponya vivuli umeuharibu mwanga, na ukiuhifadhi mwanga umeviacha vivuli na ugonjwa wao.

Na zile zilizobaki mbichi je? Hizo zilikuwa Kodachrome, filamu iliyoanza kuuzwa mwaka 1935 kwa ajili ya sinema, ikafuatwa mwaka 1936 na ile ya slaidi za milimita 35, na ambayo Kodak waliacha kuitengeneza mwaka 2009. Rangi zake hazikuwamo katika filamu tangu kiwandani, bali zilitiwa wakati wa kusafishwa, na dawa zake hazikubaki ndani ya jelatini kuja kuleta fitina baadaye. Kwa hiyo gizani hudumu mno. Zilizogeuka nyekundu zilikuwa Ektachrome za kale, na jamaa zake nyingine za zama zile, kwani Ektachrome za baada ya miaka ya 1970, zilizosafishwa kwa njia iitwayo E-6, ni madhubuti zaidi. Kuzitambua Kodachrome si kazi: mara nyingi jina limechapwa katika fremu ya karatasi, na lisipokuwapo, ilaze slaidi mkononi huku nuru ya dirisha ikiipiga kwa ubavu, utaiona picha imefanya vilima na mabonde upande wa jelatini, kama nakshi iliyochongwa kwa kina kidogo sana. Lakini nitoe hadhari moja: Kodachrome, iliyo hodari gizani, ni nyonge mbele ya taa ya projekta, na aliyezoea kuwaonyesha wageni slaidi zake bora kila sikukuu huenda akazikuta hizo ndizo zilizopauka kuliko zote.

Kuhusu usafi sitasema mengi. Vumbi lipulizwe kwa kipulizo cha mpira, kisha lipitishwe brashi laini. Ukungu, ambao pwani hauna adabu, usiguswe kwa maji, kwa sababu pale ulipokula, jelatini huwa imelegea na maji huiyeyusha. Nami naliandika hili kwa majuto, maana nilifuta slaidi moja ya mvuvi kwa kitambaa chenye unyevu, na uso wa mvuvi ukabaki kitambaani.

Tuje kwenye skana. Kundi la mwanzo la slaidi 40 nililipeleka kwa fundi mmoja wa mjini, nikarudishiwa vipicha vidogo ambavyo mashine yake ilikuwa imekwisha vipamba kwa hiari yake, ikavikata mwanga na vivuli na kuvibana katika faili za JPEG, na kutoka hapo hapakuwa na njia ya kurudi. Ukimpa fundi kazi hii, basi, mpe na sharti: asiruhusu mashine irekebishe rangi, na faili ziwe za TIFF zenye biti 16 kwa kila rangi. Sharti hilo la pili si la kujigamba. Faili ya kawaida ya biti 8 ina daraja 256 tu baina ya giza na nuru, na kwa kuwa tutakuja kuzivuta daraja hizo kama mtu avutavyo unga wa chapati, zikiwa chache zitapasuka, na mbingu itaonyesha mistari kama ngazi; yenye biti 16 ina daraja 65,536, unga wa kutosha kwa mvuto wowote. Mimi baadaye nilijinunulia skana ya mezani ya Epson yenye taa katika kifuniko chake, nikaridhika na nukta 2,400 kwa inchi, ambazo huipa picha ya milimita 24 kwa 36 upana wa nukta 3,400 hivi. Skana za aina hii husifiwa kwa tarakimu kubwa kuliko uwezo wa lenzi zake, na kuzidisha hapo ni kujaza diski bure. Kama ina ufundi wa kuondoa vumbi kwa nuru ya infraredi, utumie kwa Ektachrome na uuzime kwa Kodachrome, kwani sayani ya Kodachrome huizuia hata infraredi, na mashine, ikidhani kila kivuli ni vumbi, itakula ndevu na nyusi za watu.

Picha ikitoka skanani itakuwa mbaya, nyekundu na iliyolala. Usihuzunike, wala usiiguse: ihifadhi kama ilivyo, uitolee nakala, na kazi yote uifanye katika nakala.

Sasa nichukue slaidi moja niitumie kama mfano. Ni ya mwaka 1962, na ndani yake shangazi yangu, dada yake ami, ameketi juu ya mkeka siku ya harusi yake, amejifunga kisutu kipya, nyuma yake ukuta na upande wa kushoto mlango ulio wazi kidogo. Nilitumia GIMP, programu isiyolipiwa, ambayo tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018 huzikubali faili za biti 16. Lakini mwenye Photoshop atafuata njia ile ile. Kwanza nikaukata ukingo mweusi wa fremu, maana weusi ule si sehemu ya picha, na ukibaki humo utaidanganya hesabu. Kisha nikafungua kidirisha kiitwacho Levels, ambacho huchora kilima kinachoonyesha picha ina giza kiasi gani na nuru kiasi gani, tangu 0 iliyo nyeusi mpaka 255 iliyo nyeupe. Na hapo, badala ya kukitazama kilima cha picha nzima, nikakitazama cha kila rangi peke yake. Siri yote ilikuwa wazi mbele yangu. Kilima cha kijani kilianzia 11 kikaishia 224, jambo la kawaida. Cha buluu kilianzia 40 kikaishia 203, yaani manjano nayo imepungua vivulini, na mahali peupe pameingiwa na uchakavu wa umanjano. Ama kile chekundu kilianzia 92: chini ya hapo hapakuwa na hata nukta moja, ardhi tupu, na pengo lile ndilo kaburi la sayani.

Chini ya kilima pana vipembetatu vitatu, cha giza, cha kati na cha nuru. Katika chaneli nyekundu nilikisogeza cha giza mpaka kwenye mguu wa kilima, penye 90, na cha nuru nikakileta 247. Katika kijani 10 na 226. Katika buluu 38 na 205. Kila mara nikiacha nafasi ndogo, kwa sababu anayekiingiza kipembetatu ndani ya kilima huikata picha yenyewe, na mikunjo ya buibui ikishakatwa inakuwa shimo moja jeusi lisilorudi. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Buibui la mwanamke aliyesimama mlangoni likawa jeusi, mkeka ukarudia umajani wake, na kisutu, ambacho hapo kabla sikuweza kutofautisha nyekundu yake na nyeupe yake, kikajitenga katika rangi zake tatu. Nilicheka peke yangu chumbani kama mwendawazimu.

Furaha hiyo ilinipa kiburi, na kiburi kikanitia makosani. Kulikuwa bado na ubuluu mwembamba umetanda katika picha, nami, nikiuona ukuta ule wa nyuma na kukumbuka kwamba nyumba zetu hupakwa chokaa, nikachukua kile chombo chenye sura ya bomba la kudonezea dawa, ambacho ukikigusisha mahali huiamuru programu ipachukulie hapo kuwa pasipo rangi, nikaugusa ukuta. Ubuluu ukaondoka. Siku ya pili nikaichukua kompyuta mpaka kwa shangazi, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu pasipo kusema neno.

"Mbona umenipaka manjano, mwanangu?" akauliza hatimaye. "Nimekuwa kama niliyelala mgonjwa."

Nikamweleza habari ya ukuta mweupe. Akanikatiza: "Ukuta gani mweupe? Chumba kile marehemu mama alikitia chokaa yenye nili, mwezi ule ule wa harusi. Kilikuwa buluu ya yai la ndege. Ukitaka cheupe tazama kisutu. Kilikuwa hakijafuliwa hata mara moja."

Basi nikarudi nyuma hatua moja, nikakigusisha chombo kile katika weupe wa kisutu, na mara rangi ya uso wake ikaja, na ukuta ukabaki buluu kama ulivyokuwa. Kisutu, kwa aijuaye leso hii ya maarusi, ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, hakina mchezo mwingine, na hakuna kadi ya kulinganishia rangi iliyouzwa na kampuni yoyote ambayo ingalinifaa kuliko hiyo. Katika kila slaidi tafuta shahidi wa namna hii: kitu ambacho rangi yake inajulikana kwa yakini, si kwa kudhania. Bendera nyekundu tupu ya Sayyid, yaani Sultani wa Zanzibar, iliyopepea juu ya Fort Jesus hadi Kenya ilipopata uhuru mwezi wa Disemba 1963, ni shahidi mwema. Buibui jeusi ni shahidi mwema wa giza. Kanzu, ambayo wengi huikimbilia, ni shahidi wa kutiliwa shaka, kwa sababu dobi na mama nyumbani walikuwa wakiisuza katika maji ya buluu ili ing'ae, na ukiigeuza kuwa nyeupe kamili utaumanjanisha msikiti mzima. Na zaidi ya vitu vyote, waulize walio hai, na uwaulize mapema.

Pakibaki kasoro, nayo hubaki mara nyingi, vivuli vikiwa na wekundu kidogo hali mwanga una ukijani, hiyo ni kazi ya kidirisha kingine kiitwacho Curves, ambamo kila rangi huwa mstari unaoweza kuupinda mahali upendapo. Nukta mbili au tatu zinatosha: moja robo ya chini kwa ajili ya vivuli, moja katikati, moja robo ya juu, na kila moja isogezwe kiasi cha unyoya. Anayeweka nukta kumi hupata rangi zinazoyumba kama jahazi lisilo na farumi.

Nyuso zina kanuni yake, nayo ni sahali: katika nuru ya mchana ngozi ya binadamu, iwe nyeusi tii au maji ya kunde au nyeupe, ina nyekundu nyingi kuliko kijani, na kijani nyingi kuliko buluu. Uso wa shangazi ulisoma 141, 98 na 77, nikajua niko njia sahihi. Ungalisoma buluu juu ya kijani, ningalijua nimepotea hata kama jicho langu lingaliridhika. Hapa nina lalamiko. Kwa miaka mingi Kodak waliwapa mafundi wa kusafisha picha kadi za kulinganishia rangi zenye sura ya mwanamke wa kizungu, zikiitwa Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa mizani; na hata leo vitufe vya kurekebisha picha kwa mguso mmoja vina tabia ya kumng'arisha mtu mweusi, kana kwamba weusi wake nao ni uchakavu wa filamu. Usikubali. Bibi yako hakuwa mweupe zaidi kuliko alivyokuwa, na mkono wa kumbadilisha rangi baada ya kufa kwake usiwe wako.

Vitufe hivyo hivyo vina kosa la pili, kwamba havijui saa. Ami alikuwa na slaidi za majahazi katika Bandari ya Kale jua linapokuchwa, na kila programu niliyoijaribu iliuona wekundu wa magharibi kuwa ni ugonjwa ikaniletea adhuhuri. Kwa picha kama hizo mimi huchukua picha nyingine ya filamu ile ile na mwaka ule ule, iliyopigwa mchana, naiponya hiyo, kisha tarakimu zake nazitia katika ile ya jioni bila kubadili neno. Maana filamu mbili zilizozeeka pamoja katika mkebe mmoja aghalabu huwa zimepoteza kiasi kimoja, na jua la magharibi hubaki la magharibi.

Jicho nalo lina hila. Ukiitazama picha nyekundu kwa nusu saa, jicho huuzoea wekundu na kuuita mweupe, na usiku wa manane utaapa umefaulu, asubuhi ucheke. Fanya kazi katika chumba chenye nuru ya kadiri, usiwe na ukuta wa kijani kibichi mbele yako, na kila robo saa inuka uende barazani uone weupe wa kweli.

Kuna slaidi ambazo hazikunikubali. Kumi na moja katika zile 214 zilikuwa zimepoteza sayani karibu yote, na nilipokivuta kilima chekundu, ambacho kilikuwa chembamba kama kijiti, hakikuleta picha ila chenga na madoa. Nilizijaribu siku tatu, kisha nikazigeuza kuwa za nyeusi na nyeupe kwa kutumia chaneli ya kijani peke yake, ambayo ndiyo iliyokuwa nzima, na zikatoka kwa uzuri na ukali ambao sikuutazamia. Wapo wanaozipaka rangi upya kwa programu za siku hizi zinazobuni zenyewe rangi ya leso na mlango. Mimi siwakatazi, ila picha ya namna hiyo waiandikie chini kwamba rangi zake zimebuniwa, isije ikawa kizazi kijacho kikabishana juu ya leso ambayo haikuvaliwa.

Slaidi zenyewe sikuzitupa, hata zile kumi na moja. Mkebe wa biskuti, uliokuwa na kutu, nimeuacha. Nimeziweka katika kasha la karatasi lisilo na asidi, ndani ya sanduku lenye vifuko vya silika, katika chumba kilicho baridi kuliko vyote nyumbani, nami vifuko huvikausha kila baada ya masika. Faili zina nakala tatu, moja ikiwa nyumba nyingine. Na katika kila faili nimeandika majina, mahali na mwaka, pamoja na zile tarakimu za vipembetatu, ili atakayekuja na skana bora kuliko yangu ajue nilianzia wapi. Ile ya mwaka 1962 ina nyongeza moja ya mkono wangu: "Ukuta ni buluu."